Kalamu na Mashine katika Chuo Kikuu

Waalimu wenzangu, liko jambo ambalo wazazi hutuuliza sana siku hizi, kila mwaka vijana wanapopata nafasi za kwenda Chuo Kikuu, nalo ni hili: Je, kijana ataweza kusoma huko pasipo kompyuta ya kupakata, ile ambayo watu wa mjini huiita laptopu? Mwenye fedha haulizi, hununua. Aulizaye ni yule ambaye kwake kununua ni kuuza kwanza.

Hapa Tongoni, kusini ya Tanga katika njia ya Pangani, kitu cha kuuza ni minazi, au mbuzi, au chombo. Alinijia mvuvi mmoja, mtu mzima, ambaye mwanawe alikuwa amepata nafasi Dar es Salaam kusoma uhandisi. Alikuwa ameambiwa kwamba kompyuta iliyokwisha tumika hupatikana kwa shilingi laki sita, na mtu wa kuinunua ngarawa yake alikuwa amekwisha kuja kuitazama. Akaniuliza, "Mwalimu, hiyo mashine yafundisha, au yaandika tu?" Watu wengi waliosoma hawaulizi vizuri namna hii.

Nilimjibu kwamba yaandika, na kutafuta habari, na kupiga hesabu. Bali kufundisha ni kazi ya mhadhiri, na kufahamu ni kazi ya mwanafunzi. Kisha nikafikiri habari hiyo siku nyingi, na haya ndiyo niliyoyaona.

Katika Chuo Kikuu mhadhiri husimama mbele ya vijana wengi, akanena muda wa saa nzima, na ubaoni haandiki ila maneno machache. Mtu anenaye kwa kawaida hutamka maneno zaidi ya 100 kwa dakika moja, na mkono wenye kalamu hauwezi kuandika hata theluthi yake. Makarani wa zamani waliiponya shida hii kwa hati mkato, kama ile ambayo Isaac Pitman wa Uingereza aliitangaza mwaka 1837. Lakini siku hizi ni nani ajifunzaye hati mkato? Basi mwenye kalamu hana budi kuchagua: hili aliandike, hili aliache, hili alifupishe kwa maneno yake mwenyewe. Mwenye vitufe, kama vidole vyake ni vyepesi, aweza kumfuata msemaji kwa karibu sana. Naye asiyelazimishwa kuchagua huenda asifikiri.

Mwaka 2014 wataalamu wawili wa Marekani, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, walitoa habari za majaribio yao juu ya neno hili. Wanafunzi waliotumia kompyuta waliandika maneno mengi zaidi, na mengi yalikuwa yale yale ya msemaji. Walipoulizwa mambo ya kukumbuka tu walikuwa sawa na wenzao, bali walipoulizwa maana na sababu, wenye kalamu waliwashinda. Hata walipoonywa wasiandike neno kwa neno, waliendelea vile vile. Habari hii ilienea mbali, na waalimu wengi wakaifurahia, nadhani kwa kuwa ilisema walilotaka kulisikia. Lakini wengine waliyarudia majaribio hayo, mwaka 2019 na tena mwaka 2021. Na ingawa waliona tena kwamba wenye kompyuta huandika maneno mengi, hawakuona katika alama zao tofauti ya kutegemewa. Kwa hiyo asemaye leo kwamba ushindi wa kalamu umekwisha kuthibitishwa, huyo azidisha. Lililo wazi zaidi ni jambo jingine. Mwaka 2013 wataalamu wa Kanada walionyesha kwamba mwanafunzi afanyaye mambo mengine katika kompyuta wakati wa mafundisho hupungukiwa alama, na jirani yake aionaye ile kompyuta hupungukiwa pia, naye ameketi na karatasi yake tu.

Tena vijana wale wa Marekani walifundishwa kwa lugha waitumiayo kila siku. Kijana wetu sivyo. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari kwa Kiingereza, na kwa kuwa vitabu ni vichache mwalimu huandika ubaoni na wanafunzi hunakili. Mkono wake umezoea kunakili maneno yaliyokaa kimya mbele yake, haukuzoea kuyawinda yanayoruka. Na kufupisha ni kazi ya mtu aliyefahamu. Asiyefahamu huandika maneno anayoyajua, akayaacha asiyoyajua, na pengine yale asiyoyajua ndiyo somo lenyewe. Kwa kijana wa namna hii, mashine inayoyashika maneno mengi yaweza kumfaa kweli, maadam jioni ataketi nayo pamoja na kamusi. Neno hili silisikii katika vinywa vya wanaoisifu kalamu.

Wapo pia wasemao kwamba kuandika kwa mkono ndiko kufikiri. Pwani yetu imeandika kwa mkono tangu zamani sana. Maandiko mengi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, yaliyokusanywa na J. W. T. Allen na wenziwe, yamo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilipigwa chapa mwaka 1970. Kwa hati ile nzuri mtu aweza kunakili utenzi mzima asijue umesema nini. Mimi nawatazama zaidi watoto wa chuoni wa zamani, walioandika juu ya ubao kwa wino wa masizi, wakasoma hata wakahifadhi, kisha wakauosha ubao kwa maji, wakaandika funzo jingine. Aliyeuosha ubao wake alijua kwamba somo lisilokuwa kichwani limekwenda na maji. Kompyuta haioshwi, huweka yote, na mwenyewe huenda akalala akidhani amesoma.

Basi nilimwambia yule mvuvi, "Mzee wangu, chombo usikiuze mwaka huu." Ngarawa ile ndiyo chakula cha nyumba, na wadogo wawili wako shuleni bado. Uhandisi mwaka wa kwanza ni hesabu na michoro mingi, na kwa hesabu na michoro kalamu ni nyepesi kuliko vitufe. Chuoni viko vyumba vyenye kompyuta za wanafunzi, na apataye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupewa humo fedha za vitabu na vifaa vya kuandikia. Sikumficha kwamba kazi nyingi hutakiwa zipigwe chapa, na kwamba kijana atangoja zamu yake. Kijana mwenyewe hakupendezwa hata kidogo. Aliona atachekwa na wenzake, na labda alichekwa.

Alikwenda na madaftari matano. Aliporudi likizo aliniletea niyatazame. Ya hesabu yalikuwa mazuri sana, yamejaa alama na mishale, na pembeni maneno ya Kiswahili madogo madogo: "kwa nini hapa?", "muulize". Lakini daftari la somo la maendeleo, ambalo mhadhiri wake hunena tu bila kuandika lolote, lilikuwa na nusu za sentensi, ukurasa baada ya ukurasa. Somo hilo alilipata kwa rafiki yake mwenye kompyuta, akayapiga picha kwa simu maandishi yake. Naye rafiki akayanakili ya hesabu kwake.

Tangu siku ile, kila Ijumaa katika kidato cha tatu nasoma habari kwa sauti dakika kumi, kwa Kiingereza, nami nimeupa ubao mgongo. Hawana ruhusa kuandika zaidi ya mistari sita. Juma la kwanza walinung'unika, na mmoja aliandika mistari sita ya mwanzo, akaweka kalamu chini. Sasa wengi hungoja kwanza, wakasikiliza, ndipo waandike.