Kutoka Mlali hadi mwambani: siku moja ya bahari kwa treni

Mtoto wa Mlali, Kongwa au Mpwapwa akisema "nataka kuona bahari", mzazi humjibu "ukimaliza shule". Si ubaya. Kwa miaka mingi safari ya Dar es Salaam ilikuwa basi la kutwa nzima, ndugu wa kuwapokea, siku tatu au nne za kulala kwa watu, na fedha ambayo nyumba nyingi za wakulima hazina.

Julai 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na hesabu ikabadilika. Safari ya treni sasa ni kati ya saa tatu na nusu na saa nne. Familia inaweza kuondoka Dodoma alfajiri, ikashinda ufukweni na kurudi Dodoma usiku uleule.

Likizo ya Juni tulikwenda watu wanne: mimi, mama mkwe wangu, na watoto wawili wa miaka 11 na saba. Naandika kwa ajili ya mzazi mwenzangu anayejiuliza kama inafaa, na afanyeje ili siku isiharibike.

Kwanza, hesabu

Nauli ya treni ya kawaida iliyotangazwa 2024 kati ya Dodoma na Dar es Salaam ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka minne hadi 12 hulipa nusu, yaani 15,500, na wa chini ya miaka minne halipi. Watu wazima wawili na watoto wawili ni 93,000 kwenda tu. Kwenda na kurudi ni 186,000, kabla hamjanunua hata maji.

Mume wangu alipoiona hesabu hiyo alisema, "Mama, hizo ni sare na madaftari ya watoto wote wawili, na chenji inabaki." Alisema kweli. Tulikuwa tumevuna alizeti ya wastani, na mwaka wa wastani huku kwetu hauna cha kuchezea.

Aliyemaliza mjadala ni mama mkwe. Ana zaidi ya miaka sabini na magoti yanamsumbua. Alisema, "Mimi nauza mbuzi wangu, sikuombeni kitu. Bahari nimeisikia tangu binti. Mkingoja mpaka mtajirike mtanipeleka wapi?" Hapo hakuna aliyejibu. Nauli yake akalipa mwenyewe. Sisi tukabaki na 124,000, na mume wangu akabaki na mifugo.

Somo kwa mzazi: ukiwa na mtoto wa miaka 10 au 11, piga hesabu mapema. Baada ya miaka 12 nusu nauli inakwisha, na mara nyingi mtoto huwa ameshaanza kuwaza sekondari na bweni.

Kutoka Mlali si siku moja

Tuseme ukweli. Siku moja ni ya mtu anayelala Dodoma mjini. Anayetoka Mlali lazima afike Dodoma siku ya kwanza, alale, apande treni ya alfajiri siku ya pili, alale tena Dodoma, kisha arudi kijijini siku ya tatu. Sisi tulilala kwa shemeji wote wa usiku mbili. Tulimpelekea kuku mmoja na debe la karanga, na hakuna aliyeona tumemwelemea.

Tiketi kata mapema, hasa wakati wa likizo na sikukuu. Beba kitambulisho chako na vyeti vya kuzaliwa vya watoto ili kusiwe na ubishi wa umri. Ratiba hubadilika, kwa hiyo itazame upya kabla ya kulipa, uchague treni ya mapema kabisa kwenda na ya jioni kurudi. Fika stesheni mapema, maana kuna ukaguzi wa mizigo, na treni haimsubiri mtu kama basi la Kongwa.

Dirishani

Waambie watoto wasilale, hata kama wameamshwa saa tisa usiku. Safari hii ina somo la jiografia ambalo hakuna kitabu kinalifundisha vizuri hivyo.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo, kwa ujumla, mnashuka. Baada ya nyanda kavu na mibuyu, reli inaingia kwenye milima kuelekea Kilosa, ambako kuna mahandaki manne. Watoto walihesabu kwa sauti, na behewa zima likahesabu nao. Kisha kijani kinaongezeka, unaiona milima ya Uluguru Morogoro, halafu nchi inatandazika hadi pwani.

Waonyeshe pia njia ya maji. Mto Kinyasungwe, ambao huku kwetu ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka, unakwenda upande huohuo. Maji yake ya msimu huungana na Mkondoa, yakaingia Wami, na Wami humwaga Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Ni maji hayohayo yanayosomba tuta la reli ya zamani kati ya Gulwe na Kilosa mvua zikizidi. Mvua inayopita kwenye makorongo yetu Februari inafika baharini bila tiketi.

Mama mkwe alikuwa na habari yake kuhusu reli. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walipoanzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, walijenga tawi la reli kutoka Msagali. Mradi ulikufa, reli ikang'olewa. "Baba yangu aliibeba ile reli mabegani ikija," alisema, "na akaiona ikiondoka." Wajukuu walikuwa hawajawahi kuisikia habari hiyo. Ilichukua treni kuitoa.

Kutembea kando ya maji

Stesheni ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji, na bahari haiko mbali. Mwenye miguu mizuri anaweza kufuata barabara ya Sokoine. Atalipita Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Azania Front, yote mawili ya enzi ya Wajerumani, hadi Kivukoni na Soko la Samaki la Feri. Sisi tulikwenda taratibu kwa ajili ya Bibi, tukipumzika kila penye kivuli. Sokoni watoto walimwona pweza kwa mara ya kwanza, wakarudi nyuma hatua tatu.

Kutoka hapo barabara ya Barack Obama, ambayo wengi bado wanaiita Ocean Road, inafuata bahari. Inapita Ikulu, na hapo simu ikae mfukoni, usipige picha. Inapita pia Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani 1897 na sasa ni taasisi ya saratani. Upande wa maji kuna ukuta uliokamilika 2018, baada ya mawimbi kuanza kula kingo za barabara. Ni mahali pazuri pa kumwonyesha mtoto kwamba bahari nayo inasogea.

Sehemu hii tulipanda bajaji hadi karibu na Hospitali ya Aga Khan ili kuokoa magoti ya Bibi kwa ajili ya Daraja la Tanzanite. Daraja hili, lililoanza kutumika 2022, lina urefu wa kilomita moja na kidogo, na limepita juu ya maji yenyewe. Lina njia ya waenda kwa miguu. Upepo wa kusi ulikuwa mkali, kwa hiyo fungeni kofia na vilemba vizuri. Bibi alilivuka lote kwa miguu, akiwa ameshika mkono wa mjukuu upande mmoja na chuma cha daraja upande wa pili.

Ukishuka upande wa Oysterbay unafika kwenye mwamba, na Coco Beach iko mbele. Pwani ya Dar es Salaam si mchanga tu. Hapa ukingo wa nchi ni jiwe lenye matundu, lililochongwa chini na mawimbi hadi sehemu nyingine limebaki kama dari. Jiwe hilo ni matumbawe ya kale. Yalikuwa hai chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo. Mtoto akilitazama kwa karibu anaona maumbo ya makombe na matumbawe ndani ya jiwe. Ni jiwe la jamaa hiyo ambalo watu wa pwani walijengea misikiti na nyumba zao za zamani, kama magofu ya Kaole na Kunduchi.

Jueni maji kabla ya kwenda

Hili ndilo jambo kubwa kuliko nauli. Sisi wa bara tunadhani bahari ni kama bwawa lililojaa, maji yako palepale. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa Dar es Salaam hupita mita tatu. Hiyo ni zaidi ya urefu wa mlango wa nyumba.

Huhitaji kifaa cha kupimia. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na kujaa mnamo saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata wakati huo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa nusu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa jioni, lakini kwa kiasi kidogo.

Kwa hiyo anayekuja kwa treni ya alfajiri achague siku iliyo karibu na mwezi mpevu au mwandamo. Mtafika maji yakiwa mbali, mwamba wa chini uko wazi, na madimbwi yamejaa kaa wadogo na samaki wa kidole. Baadaye mtayaona maji yakirudi kwa macho yenu.

Lakini yakianza kurudi, ondokeni chini ya mwamba mara moja. Penye njia kavu saa nne panaweza kuwa na mawimbi yanayopiga ukuta wa jiwe saa nane. Na juu ya mwamba msisimame ukingoni, maana chini yake pameliwa.

Watoto wetu hawajui kuogelea. Mlali hakuna pa kujifunzia. Kwa hiyo sheria yetu ilikuwa moja: maji yasipite magoti, na mtu mzima awe upande wa bahari, si upande wa nchi. Mkubwa wangu alinuna. Kidogo baadaye wimbi moja la kawaida likamwangusha mdogo wake kwenye maji ya kufika kwenye ugoko, na lilipokuwa linarudi likaanza kumvuta. Nilikuwa upande wa bahari. Nilimdaka mkono na mambo yakaishia kwenye kikohozi na chumvi machoni. Mkubwa hakununa tena.

Mvalishe mtoto raba kuukuu, si kandambili. Jiwe lile linakata, na kwenye madimbwi kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi ambayo huvunjikia mguuni.

Kula, na kurudi

Coco Beach inajulikana kwa mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili, na madafu. Uliza bei kabla hujakaa. Tulikuwa tumebeba chapati na mayai kutoka kwa shemeji, tukanunua mihogo sahani mbili tu ili watoto wawe na cha kusimulia. Jumapili jioni ufukwe hujaa watu. Mwenye watoto wadogo aje siku ya kazi.

Anza kurudi stesheni angalau saa tatu kabla ya treni, kwa sababu foleni za Dar es Salaam jioni hazina huruma. Wabadilishie watoto nguo kavu kabla ya kupanda. Behewa lina baridi ya kiyoyozi.

Tulichopata kwa fedha ile

Bibi hakuingia majini zaidi ya vifundo vya miguu. Alikaa juu ya jiwe, kitenge kimefunikwa kichwani, akitazama maji yakijaa kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akasema, "Kumbe maji yetu yote huwa yanakuja huku."

Mwanangu wa darasa la tano akamwambia ndiyo, yanapitia Kinyasungwe, Mkondoa na Wami. Alizitaja zote tatu bila kukosea. Bibi akamwuliza kwa nini basi yakifika huku yanakuwa na chumvi. Walibishana hadi Morogoro.

Sare zilinunuliwa Julai, mpya kwa mkubwa, na mdogo akarithi za kaka yake. Mume wangu anasema zamu yake ni mwakani. Nimeshamwonyesha kalenda ya mwezi, na debe la kwanza la alizeti limeshatengwa pembeni.