Sabuni, Sukari na Omweso



Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi kumi katika makao ya wazee hapa Kampala. Tulibeba sabuni, sukari na mashuka, tukajiona wakarimu. Mzee mmoja, askari mstaafu, alipokea fungu lake, akashukuru, kisha akaniuliza, "Mwalimu, nani kati ya vijana hawa anajua kucheza omweso?"

Nikamjibu, "Utuwie radhi, Mzee, gari linatungoja."

Akanyamaza. Ubao wake ulikuwa chini ya kitanda, umejaa vumbi.

Jibu lile lilinisumbua juma zima. Bila kukusudia, nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba mzee ni tumbo la kulishwa na mwili wa kuogeshwa, basi.

Omweso ni ndugu wa bao la pwani: mashimo 32, kete 64. Mchezaji huhesabu, hukumbuka, hupanga hila, hunyoosha vidole vilivyokakamaa. Na zaidi ya yote, huwa na mtu mbele yake. Hii ndiyo tiba kwa burudani: shughuli huchaguliwa kwa kusudi, kwa kufuata yale ambayo mtu mwenyewe aliyapenda tangu zamani, ili mwili na akili yake visilale kabla ya wakati.

Makao ya namna hii ni machache kwetu. Yanayojulikana sana ni ya Nalukolongo, yaliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga, ambayo Papa Francis aliyatembelea Novemba 2015. Wazee walio wengi hutunzwa nyumbani, kwa hiyo usidhani neno hili ni la watawa na wauguzi peke yao.

Katiba yetu ya 1995, katika malengo ya taifa, inaitaka dola iwatunze wazee. Katika malengo hayo hayo inaitaka ikuze burudani na michezo kwa raia. Mzee wa miaka themanini ni raia vilevile.

Jumamosi iliyofuata nilirudi na wanafunzi wawili, mikono mitupu. Mzee alipangusa ubao, akatushinda mara tatu, akatuambia turudi tukiwa tumejifunza.

Kazi yako ya juma hili: mwulize mzee mmoja alipenda kucheza nini ujanani. Cheza naye, kisha uniandikie insha. Usiwe na haraka ya kuondoka.