Mkalimani wa Jitu Jeupe

Kuna muvi mbaya ambazo ukitoka kibandani umeshazisahau, na kuna muvi mbaya ambazo zinakukera mpaka unazeeka nazo. Prometheus ya mwaka 2012 kwangu ni ya aina hii ya pili. Nimeiona labda mara nane. Vijana ninaofanya nao kazi wananicheka, wanasema dada, kama huipendi mbona huiachi? Ngoja nieleze.

Mwaka 1979 Ridley Scott alitengeneza Alien. Watu saba wako ndani ya chombo angani, wanashuka kwenye sayari isiyo na mtu, wanakuta chombo kingine cha kale kimekufa. Ndani yake kuna jitu limekaa kwenye kiti kikubwa, limekauka, na kifua chake kimepasuka kutokea ndani. Wanalishangaa dakika chache tu, halafu hadithi inaendelea na balaa lenyewe: yule mdudu, yale mayai, yule paka. Jitu halitajwi tena. Miaka 33 watazamaji wakabaki wanajiuliza: yule alikuwa nani? Alikuwa anaendesha kwenda wapi? Nani alimfanyia vile?

Halafu Scott mwenyewe akarudi. Prometheus ni kitangulizi, yaani imetengenezwa baadaye lakini mambo yake yanatokea kabla ya ile ya kwanza. Kitangulizi ni kama mtu anakuita, anakwambia kaa hapa nikueleze chanzo cha mambo yote. Ukishamwambia mtu hivyo, una deni.

Na inaanza vizuri sana, haki ya Mungu. Jitu jeupe limesimama juu ya maporomoko ya maji (walipiga picha Dettifoss, kule Iceland), linakunywa kitu cheusi, mwili unavunjika vipandevipande na kuyeyuka mtoni, na humo ndimo uhai unaanza. Kisha tunahamia mwaka 2093. Watu 17 wamesafiri mpaka mwezi unaoitwa LV-223 kwa sababu wamekuta michoro ya kale ya watu mbalimbali, na yote inaonyesha jitu likielekeza kidole kwenye nyota zilezile. Wanataka kumwona aliyetuumba. Daktari Elizabeth Shaw, ambaye Noomi Rapace ndiye anamwigiza, anataka kumuuliza. Mzee tajiri Weyland, mwenye pesa ya safari nzima, amejificha ndani ya chombo. Yeye hana swali. Anataka kuongezewa miaka.

Niliiona mara ya kwanza nina miaka kama kumi na minne, kibandani, hapa kambini kwetu Kigoma. Turubai, jenereta, benchi za mbao. Wasichana tulikuwa watatu, tumebanana karibu na mlango ili tukiitwa nyumbani tukimbie. Na kibanda hakina huruma na muvi ya kijinga. Yule jamaa mpima ramani, ambaye mashine zake ndizo zinachora mapango yote, anapotea yeye mwenyewe. Watu hoi. Mtaalamu wa wanyama anamkuta nyoka mweupe wa ajabu, anataka kumpapasa kama mbuzi wa bibi yake. Watu wakaomba nyoka awahi. Chombo kikubwa cha mviringo kinaanguka, kinabiringika kama tairi, na wanawake wawili wanakimbia mbele yake, mbele kabisa, kwa kufuata mstari uleule wa tairi. Kibanda kizima: "Pembeni! Kimbia pembeni!" Shaw akajiviringisha pembeni, akapona. Yule mwingine akalaliwa na chombo. Tulipiga makofi.

Lakini si ujinga ule unaonikera. Ujinga unasameheka, hata kwenye muvi nzuri upo. Kinachonikera ni tukio moja karibu na mwisho.

Wamekuta jitu moja bado hai, limelala usingizi wa miaka elfu mbili hivi. Wanaliamsha. Ndilo tulilolifuata muda wote huo, sisi na wao. Shaw anapiga kelele: muulize amebeba nini, muulize tumewakosea nini, kwa nini mnatuchukia! Maana wameshagundua kwamba majitu yalikuwa yamejiandaa kuja duniani kutumaliza. Mlinzi anampiga Shaw tumboni, ananyamaza. Weyland anamgeukia David. David ni roboti, Michael Fassbender anamwigiza, na katika safari ile yeye peke yake amejifunza lugha ya majitu. David anasema maneno machache. Jitu linamwangalia, linampapasa kichwa kwa upole kabisa, halafu linakinyofoa kichwa chenyewe na kumuulia nacho mzee.

Basi. Hakuna maandishi chini ya picha. Mtazamaji haambiwi David alisema nini, na jitu lenyewe halitamki neno.

Sasa kibandani kwetu kulikuwa na mtafsiri. Wengine mnawajua akina Lufufu au DJ Afro, ambao sauti zao zimo ndani ya diski. Wa kwetu alikuwa anasimama mwenyewe na maiki kando ya televisheni. Kiingereza chake kilikuwa cha kujitafutia, na palipomshinda alijaza. Pale David alipofungua mdomo, lugha ambayo hata Wazungu hawaijui, jamaa hakusita hata kidogo. Akasema: "Mheshimiwa, huyu mzee anasema yeye ni bosi wako." Jitu likang'oa kichwa. Kibanda kikaelewa kabisa. Nani hawezi kuelewa?

Miaka ikapita nikiamini ndivyo ilivyo.

Hapa inabidi niseme kuhusu diski. Huko Marekani muvi ilipotoka madukani, Oktoba 2012, kulikuwa na toleo la diski nne. Ndani yake mna filamu ya zaidi ya saa tatu na nusu inayoonyesha jinsi kazi ilivyofanyika, mna maoni ya Scott na waandishi, na mna zaidi ya nusu saa ya matukio yaliyokatwa. Sisi tuliletewa nini? Diski moja ya bei ya maandazi, muvi ishirini zimeshindiliwa humo, picha za waigizaji juu ya karatasi hata hazihusiani. Ili muvi ishirini zienee, kila kitu cha pembeni kinatupwa. Maelezo ndiyo yanakuwa ya kwanza kutupwa. Simlaumu aliyenakili, angetumia diski nne nani angenunua? Ila ndivyo vitu vingi vinavyotufikia, vimeshapunguzwa ili vienee.

Nilikuja kuyaona yale matukio baada ya kumaliza kidato cha nne, nilipoanza kujitolea kituo cha vijana na kushika laptopu yenye intaneti. Usiku mmoja niliyatazama yote. Mengine waliyakata kwa haki. Mengine nilikasirika. Yule mtaalamu wa wanyama, kumbe kabla ya nyoka alikuwa ameshakuta kimdudu kidogo, akafurahi kama mtoto, kiumbe hai cha kwanza nje ya dunia! Ukiliona hilo, habari ya nyoka unaielewa. Bado ni mjinga, lakini ni mjinga mwenye furaha, na mtu huyo unamhurumia.

Halafu likaja tukio lenyewe, refu kuliko tulilolijua. Jitu linaongea. Linaongea! Lina sauti nzito, linamuuliza David, David anamgeuzia Weyland, na mzee anajieleza. Anajisifu kwamba amejenga kampuni, kwamba David huyu amemtengeneza yeye kwa mfano wake, kwa hiyo yeye na jitu wako sawa, wote ni waumbaji, wote ni miungu, na miungu haifi. Baada ya hapo ndipo jitu linampapasa David kichwani.

Yaani mtafsiri wetu wa kibandani alipatia. Huyu mzee anasema yeye ni bosi wako. Bila diski, bila chochote.

Na yale maneno ya David? Alikuwepo mtaalamu wa lugha, Anil Biltoo, aliyemfundisha Fassbender kutamka. Walitumia lugha ya kale ambayo wasomi wameijenga upya kwa kulinganisha lugha nyingi za Ulaya na India, ile wanayoiona ndiyo mama yao. Baadaye Biltoo alieleza maana yake: kwamba mtu huyu amekuja kwa sababu hataki kufa, na anaamini unaweza kumpa uhai zaidi. Ndiyo hayo tu. Rudia uone kilichokosekana. Swali la Shaw halimo. Mwanamke amepiga kelele, amepigwa, amelia, na mkalimani ambaye ni yeye peke yake anayeijua lugha amebeba maneno ya mwenye pesa, ya Shaw ameyaacha chini.

Wengine watasema muvi ina mambo mengi, hili ni dogo. Kwangu si dogo.

Mwaka 2016 tuliitwa kwenye mahojiano ya kwenda nchi ya tatu. Mama, mimi na wadogo zangu. Afisa anauliza kwa Kiingereza, mkalimani anageuza Kiswahili, mama anajibu kwa Kiswahili chetu cha Fizi, mkalimani anarudisha. Swali lilikuwa la kawaida: kwa nini uliondoka nyumbani? Mama akaanza. Akaeleza mwaka 1998, jinsi milio ilivyotokea upande wa mlimani, jinsi walivyoteremka ziwani usiku, mtumbwi ulivyojaa, na bibi, mama wa baba yangu, alivyosema nendeni, mimi nitapanda wa pili. Hakukuwa na wa pili. Mama akahesabu kwa vidole majina ya waliobaki ufukweni, akaweka mkono tumboni kuonyesha kwamba mimi nilikuwa humo. Nadhani aliongea dakika tano, na hajawahi kutueleza sisi watoto kwa urefu ule. Mkalimani akamgeukia afisa, akasema sentensi moja. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, lakini kilitosha. Alisema: alikimbia kwa sababu ya vita.

Afisa akaandika. Mama akamtazama mkalimani, akatazama kalamu. Kalamu ilikuwa imeshasimama. Hajui Kiingereza, ila kuhesabu anajua.

Mimi nilinyamaza. Tulikuwa tumeambiwa mapema, asiyeulizwa asiongee.

Sisemi kesi yetu ilikwama kwa ajili ya ile sentensi. Kesi hukwama kwa mambo mengi na karatasi tuliyopewa haikueleza. Wala simchukii yule mkalimani, pengine alikuwa na familia kumi na tano siku hiyo na kila moja ina ziwa lake. Ninachosema ni kwamba nilipomwona David anafungua mdomo kwa maneno machache, mbele ya mwanamke aliyeshika tumbo, sikuwa naangalia muvi ya anga tena.

Ndiyo maana nawaonyesha vijana kituoni. Kwanza muvi kama ilivyotoka, halafu tukio lililokatwa, halafu tunabishana. Je, Scott alikosea kulikata? Wavulana wengi wanasema hapana, jitu likinyamaza linatisha zaidi. Wana hoja. Kitisho ni kweli kinapungua likianza kuongea kama mzee wa baraza. Mimi nasema aliyeahidi majibu hana haki ya kukata jibu kwa ajili ya kitisho. Hatujawahi kukubaliana. Mara moja niliwapa zoezi kila mmoja aandike swali ambalo angelipeleka kwa jitu. Nilitegemea mambo ya Mungu na kifo, na yalikuwepo. Msichana mmoja, wa kimya sana, aliandika: "Ningeomba kwanza anifundishe lugha yake."

Mwisho wa Prometheus Shaw anabaki yeye na kichwa cha David. Angeweza kurudi nyumbani. Anachukua chombo kingine cha majitu, anaelekea huko walikotoka, bado anataka kuuliza kwa nini. Kwa hilo tu nilikuwa tayari kuisamehe muvi yote. Nikasubiri miaka mitano. Mwaka 2017 ikatoka Alien: Covenant, na humo Shaw ameshakufa zamani, David amemuua na kumpasua kama mdudu wa maabara, na majitu ameyamwagia sumu mjini kwao. Safari yao wote wawili waliiweka kwenye kipande kifupi cha intaneti kabla muvi haijatoka. Tena wakakiweka nje.

Mama si mtu wa muvi, lakini juzijuzi alinikuta naangalia lile tukio kwenye simu, akakaa kitandani kando yangu, akaangalia mpaka kichwa kilipong'oka. Akauliza yule mwanamke anayelia ni nani, alikuwa anataka nini. Nikamweleza. Nikamweleza na ile safari, na muvi ya pili.

"Kwa hiyo hakuuliza."

"Hakuuliza, mama."

Akakaa kidogo. Akasema, "Na yule mwenye kujua lugha, alimsafirisha njia yote ile?"

Nikasema ndiyo, njia yote.

Akaomba nirudishe nyuma, pale David anapoongea. Nikarudisha. Aliangalia mara tatu, mdomo wa yule roboti tu.