Roki ya Usiku wa Manane

 

Safari hii mwandishi wa barua hii, mzaliwa wa Kirumba, Mwanza, anayefanya kazi ya kutunza wazee London, hataandika habari za baridi wala kodi ya nyumba. Anaandika habari za redio. Zamu ya usiku ni ndefu. Ikishapita saa sita, dawa zimegawiwa na wazee wamelala, kilichobaki ni kupita chumba hadi chumba na kurudi jikoni kwenye kiredio kidogo kilichowekwa juu ya friji. Majira ya baridi, saa sita ya London ni saa tisa usiku ya Mwanza, na wavuvi wa dagaa bado wako ziwani na taa zao.

Jikoni humo ndimo alimoijua roki ya saikedeliki. Gitaa lilikwaruza mpaka sauti ikawa kama inapasuka, besi ikatembea taratibu chini yake, na mwimbaji akasikika kama yuko chumba cha pili. Haukuwa wimbo wa kuchezwa, ulikuwa wa kukaa na kusikiliza. Ulipokwisha, mtangazaji akataja wenyewe: Amanaz, albamu ya Africa, mwaka 1975, Zambia. Zambia, jirani zetu wa reli ya TAZARA!

Muziki huu na redio ya usiku vimetoka mbali pamoja. Mwaka 1967, mtangazaji John Peel alikuwa akitangaza kipindi cha The Perfumed Garden saa sita usiku kutoka Radio London, redio ya maharamia iliyokuwa ndani ya meli ya Galaxy, nje kidogo ya pwani ya Essex. Mchana meli hiyo ilipiga nyimbo za biashara. Usiku, wakubwa wakiwa wamelala, Peel alipiga alichotaka: Jimi Hendrix, Pink Floyd, na makundi yasiyosikika mchana. Sheria mpya ikaifunga Radio London tarehe 14 Agosti 1967. Peel akahamia BBC, na huko miaka ya 1980 akawapigia debe Bhundu Boys wa Zimbabwe.

Nchini Zambia, redio ilisaidia kwa njia nyingine. Rais Kenneth Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia. Vijana waliokulia kwa Hendrix na Rolling Stones wakachukua magitaa ya umeme wakatunga ya kwao, na mtindo ukaitwa Zamrock. Emmanuel Chanda wa kundi la WITCH aliitwa Jagari, kwa kumfuata Mick Jagger. Kundi la Musi-O-Tunya liliishi na kufanya kazi Kenya. Kisha bei ya shaba ikaanguka, UKIMWI ukaua wanamuziki wengi, na santuri zikabaki makabatini mpaka kampuni kama Now-Again Records ya Marekani zilipoanza kuzitoa upya. Mwaka 2023 WITCH, akiwemo Jagari, walitoa albamu mpya, Zango. Mwandishi aliisikiliza zamu nzima.

Na sisi je? Dar es Salaam, ambako mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku, kulizaliwa Sunburst, kundi la James Mpungo lililochanganya Watanzania na wageni, likapiga gitaa la kukwaruza huku likiimba pia Kiswahili. Albamu yao ya Ave Africa ilitoka mwaka 1976, na mwaka 2016 kampuni ya Strut ikakusanya rekodi zao zote. Patrick Balisidya wa Afro 70 alirekodi Bado Kidogo pamoja na Archimedes Badkar, kundi la Sweden lililopenda majaribio. Ng'ambo ya ziwa letu, Job Seda alipitia kundi la roki la Black Savage, Nairobi, kabla ya kujulikana dunia nzima kwa jina la Ayub Ogada na nyatiti yake ya Kijaluo.

Kwa hiyo muziki huu si wa kigeni kwetu, na ni uchungu kwamba Mtanzania anauokota jikoni kwa watu, tena kwa bahati. Ziwani mawimbi ya redio hayajui mpaka. Jua likizama, tabaka la anga ya juu linalomeza masafa ya kati hutoweka, na stesheni za mbali husikika hadi alfajiri. Waliokuwa vijana miaka ya 1970, na redio zao za betri pale Nyamagana, Ukerewe au Musoma, huenda walinasa mengi kutoka Nairobi na Kampala. Hakuna aliyewauliza.

Basi ombi ni hili. Mwenye santuri za wakati huo asizitupe wala asiziache juani. Zisimamishwe wima mahali pakavu, na pembeni mwa jalada liandikwe jina la mwenyewe na mahali ziliponunuliwa. Watoto wawakalishe wazee wawarekodi kwenye simu wakieleza walisikiliza nini na stesheni gani. Na nyinyi watangazaji wa Mwanza, tupeni saa moja tu baada ya saa sita usiku. Anzeni na Sunburst.