Kipya Kinyemi, na cha Zamani Je?

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Wahenga hao hao wakasema pia: usiache mbachao kwa msala upitao. Nilipokuwa nikifundisha walimu chuoni, niliziandika methali hizi mbili ubaoni, moja juu ya nyingine, nikawataka wanachuo wachague iliyo kweli. Kila mwaka darasa liligawanyika, na kengele ililia kabla ya kupatana. Sasa nimestaafu, na nimekuta watu wengine wanaojadili swali lile lile kwa uzito mkubwa kuliko sisi. Watu hao wanaishi, kwa sehemu ya siku yao, katika dunia isiyokuwa na udongo wala mvua.

Dunia hiyo inaitwa Second Life. Ilifunguliwa kwa umma mwezi Juni 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani, ambayo mwanzilishi wake ni Philip Rosedale. Mtu huingia humo kwa kompyuta na intaneti, akiwa amevaa mwili wa kuchorwa uitwao avatari. Hutembea, huruka angani, huzungumza na wenzake, hununua na kuuza. Ardhi yake imepimwa katika maeneo ya mita 256 kwa mita 256. Lakini jambo kubwa, msomaji wangu, ni kwamba nyumba, nguo, miti na madaraja ya huko kwa sehemu kubwa hayakutengenezwa na kampuni. Yalitengenezwa na wakazi wenyewe. Na mwezi Novemba 2003 kampuni ilitangaza kwamba haki ya ubunifu wa kitu itabaki kwa mkazi aliyekibuni.

Vitu hivyo havitikisiki vyenyewe. Ili mlango ufunguke, mwenye mlango huweka ndani yake maandishi mafupi ya maagizo, yanayoitwa skripti: ukiguswa, funguka, zikipita sekunde kumi, jifunge. Lugha ya maagizo hayo huitwa LSL. Fundi anayefungua skripti mpya hukuta tayari imeandikiwa mstari wa kukifanya kitu kimsalimu avatari, na mstari mwingine wa kukifanya kiseme kwamba kimeguswa. Nilipoelezwa hayo nilifurahi. Somo la kwanza la kitu kipya huko ni kutoa salamu, kama lilivyo somo la kwanza la mtoto wetu.

Aliyenieleza ni binti wa mwanachuo wangu wa zamani. Baba yake alifundisha miaka mingi nchini, kisha akahamia Uingereza, na huko mwaka 2007 akajenga darasa la Kiswahili la watu wazima ndani ya Second Life. Alilijenga kama madarasa yetu: madirisha mapana, madawati ya watu wawili wawili, ubao mweusi, kengele ya chuma mlangoni. Yeye mwenyewe ameshafariki. Binti yake huendelea kulipia kile kiwanja kila mwezi, kwa sababu, anasema, ndiyo nyumba pekee ya baba yake anayoweza kuingia bila kupanda ndege. Ukiugusa ubao, yanatokea maandishi: “Karibu mwanafunzi. Leo tunaanza na salamu.” Skripti ya ubao aliiandika marehemu. Kengele aliinunua kwa fundi mwingine, ambaye aliuza bila ruhusa ya kuifungua ndani, naye ameondoka katika dunia ile hajulikani alipo.

Kutokana na kengele hiyo nilielewa maana ya toleo jipya la programu. Mwezi Agosti 2008 kampuni iliweka mtambo mpya wa kuendeshea skripti, uitwao Mono. Ule wa zamani ulikuwa mzito, na kila skripti ilipewa kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu. Mtambo mpya ulikuwa na kasi kubwa zaidi, na ukaipa kila skripti hadi kilobaiti 64. Fundi aliyekuwa akikata maneno yake vipande vipande ili yaenee sasa alipata nafasi mara nne. Hicho kilikuwa kinyemi hasa, na kila fundi alikitaka.

Walakini, ili skripti ya zamani ihamie katika mtambo mpya, ilibidi mtu mwenye ruhusa aifungue na kuitafsiri upya. Ubao wa marehemu ungeweza kutafsiriwa, kwa kuwa maandishi yake yalikuwa mikononi mwa mwenyewe. Kengele isingeweza. Hapakuwa na mtu wa kuifungua. Laiti kampuni ingezima mtambo wa zamani siku ile ile ilipowasha mpya, kengele ile ingebaki umbo tu la chuma lililonyamaza, pamoja na milango, saa na taa nyingi ambazo mafundi wake walikwisha kuondoka.

Kampuni haikuuzima. Iliiacha mitambo miwili ikifanya kazi pamoja, wa zamani na mpya, na hadi leo skripti za kabla ya 2008 zingali zinatii maagizo yake kwa mwendo wake ule wa kinyonga. Jambo hili lina gharama. Anayetunza mitambo miwili hutoka jasho mara mbili, na skripti nzito hula muda wa seva ambao majirani wa eneo lile wangeutumia. Hata hivyo gharama hiyo ililipwa.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi. Zamani umbo moja la kujengea halikuruhusiwa kuzidi urefu wa mita 10. Wakazi wajanja walipata mwanya katika programu wakatengeneza maumbo makubwa kupita kiasi hicho. Mwanya ukazibwa. Hata hivyo maumbo yaliyokwisha kupita hayakufutwa, kwa kuwa watu walikuwa wameyafanya kuta na sakafu za nyumba zao. Mwaka 2011 sheria yenyewe ikapanuliwa hadi mita 64. Mkuu wa shule yeyote anaujua utaratibu huo. Ukikuta wanafunzi wamekanyaga njia ya mkato katika majani kwa miaka mitano, unaweza kuweka uzio, au unaweza kutandaza kokoto.

Sisemi kwamba huko hakuna aliyeumia. Mwanzoni, msafiri aliyetaka kwenda mbali kwa mara moja alishushwa kwenye kituo, kisha akamalizia safari mwenyewe. Wenye maduka walinunua viwanja karibu na vituo hivyo, kama wanavyofanya watu wetu kwenye stendi za mabasi. Mwishoni mwa 2005 safari zikawa za moja kwa moja hadi mahali mtu atakapo, na wapita njia wakatoweka milangoni pao. Badiliko lilikuwa jema kwa wakazi wote, na lilikuwa hasara kwa wale. Kabla ya hapo, mwaka 2003, kodi iliyotozwa kwa kila kitu kilichojengwa iliwaudhi wajenzi hata wakapanga makasha ya chai barabarani, wakikumbusha yale ya Boston ya mwaka 1773. Kabla mwaka huo haujaisha mfumo ule wa kodi ulibadilishwa. Kwa hiyo watunza dunia ile walijifunza kwa kuambiwa.

Mimi nilipokea mwaka 2005, nikiwa mkuu wa chuo, mtaala mpya wa sekondari uliotaka mwanafunzi aoneshe umahiri badala ya kukariri maudhui. Wazo lilikuwa zuri na ningali naliunga mkono. Lakini vitabu vya zamani viliondolewa makabatini kabla vipya havijafika, na mkufunzi mmoja aliyebakiza miaka michache kustaafu akaja ofisini akaniuliza: “Mkuu, mimi mwenyewe ni wa mtaala upi?” Hakuwa mvivu wala mkaidi. Alikuwa kama kengele ile: amejengwa kwa mtambo wa zamani, analia vizuri, na hapakuwa na mtu aliyefikiri ni nani atakayemfungua na kumtafsiri upya. Nilimpa kazi ya kuwafundisha wakufunzi vijana namna ya kuandika ubaoni na kuuliza swali. Hiyo haikuwa katika waraka wowote, lakini mtaala mpya uliihitaji.

Katika Second Life, miaka ya mwanzo dunia nzima ilifungwa kwa saa kadhaa toleo jipya lilipowekwa. Siku hizi toleo huwekwa kwanza katika sehemu chache, likatazamwa, ndipo lisambazwe kwingine. Yapo pia makao ya majaribio, yaitwayo Aditi, yaliyotengwa na dunia kuu. Na mwaka 2025 wakazi walikuwa wakijaribu lugha nyingine ya skripti, yenye asili ya Lua, lugha iliyozaliwa Rio de Janeiro mwaka 1993 na ambayo jina lake kwa Kireno ni mwezi. Wasemao wanasema ni nyepesi kujifunza kuliko LSL. Jambo linalonituliza ni kwamba haikuletwa ili LSL izikwe. Zote mbili zimewekewa nafasi.

Ndipo ninaporudi kwa methali zangu mbili, na safari hii sitawaachia wanachuo wachague. Kipya ni kinyemi kwelikweli. Asiyetaka kilobaiti 64 na abaki na 16 zake. Lakini anayetengeneza dunia ambamo watu wamekwisha kujenga hapati heshima kwa wingi wa mapya anayoongeza peke yake. Kabla hajazima mtambo wa zamani anapaswa kuuliza maswali matatu: ni nani anayeutegemea, je, anayo ruhusa na nguvu ya kuhama, na kama hana, ni nani atakayembeba? Akishajibu hayo na atandike msala wake mpya. Mbacha wa jirani auache pale ulipo, maana yamkini kuna mtu amelala juu yake.