Kapita, trakta ilisha shiba?



Wengi wametuuliza juu ya ile habari ya trakta na bidoni ya mawese. Wengine wanacheka, wengine wangali na hasira. Kwa kuwa mwaka huu ni wa mwisho kwetu hapa, na kwa kuwa sisi tulio kapita ndio tuliotia sahihi, tumeona vema kueleza yote wazi katika gazeti letu, ili maneno ya pembeni yaishe, na wanaobaki wapate faida.

Mnajua shamba letu la upande wa mto Shari. Mnajua pia trakta yetu, ile mzee, ambayo kila mwaka wanasema itakufa na kila mwaka inaamka. Mwezi wa tatu mvua ilianza vizuri. Udongo ulikuwa tayari, mbegu ya mahindi ilikuwa depo, lakini mazutu hakuna. Mazutu yetu ya Bunia inatoka mbali, inapita Uganda kwa malori. Njia ikiharibika, bei inapanda kwa siku moja. Ekonome alikuwa na pesa ya kulima siku mbili tu. Basi tukatoka na majembe, na jioni mikono yote ilikuwa na malengelenge.

Wakati huo sisi wa Biokemia tulikuwa tumesoma jambo lililotutia moto. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini ya namna ile aliyoibuni Rudolf Diesel ilitembezwa kwa mafuta ya karanga. Mwaka 1937 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bruxelles, jina lake Chavanne, alipewa hati ya ugunduzi wake wa kubadilisha mafuta ya mimea, kama vile mawese, yapate kufaa katika injini. Na mwaka 1938 basi la abiria lilitembea kati ya Bruxelles na Louvain kwa mawese yaliyobadilishwa hivyo. Tulisoma mara mbili, mara tatu. Mawese ya Kongo yasukume basi kule Ulaya, na sisi wenyewe tulime kwa mkono! Kiburi kikatuingia. Neno «mawese» tuliliona, neno «basi» tuliliona, lakini neno «kubadilisha» tulilipita mbio.

Tukaenda kwa Ekonome, tukasema tuko na dawa ya trakta. Alitutazama sana. Akauliza: «Muko na hakika?» Tukajibu ndiyo. Akatoa bidoni moja ya litri 20 kutoka depo ya internati, na sisi tukatia sahihi katika daftari lake.

Tulichanganya nusu mawese, nusu mazutu, tukatia ndani. Trakta iliwaka! Ililima mpaka saa kumi, na moshi wake ulinuka kama mikate ya kukaanga sokoni. Watoto wa mwaka wa kwanza walikimbia nyuma yake wakiimba. Usiku ule hatukulala kwa furaha.

Asubuhi haikuwaka. Shofere, yule papa mnayemjua, alifungua filtri, akatuonyesha. Ndani mlikuwa na kitu cha rangi ya machungwa, kizito kama uji uliolala. Akasema: «Bana yangu, mawese inalala na baridi. Hata mama akiiacha ndani ya chupa, asubui inafungana. Hamukuwaza?» Kweli, hatukuwaza. Bunia iko juu, zaidi ya metre 1,200, na usiku wake ni wa baridi. Kila mmoja wetu ameona chupa ya mawese iliyoganda nyumbani kwao. Tulijua jambo hilo jikoni, tukalisahau tulipofika kwenye trakta.

Filtri ikanunuliwa nyingine. Trakta ikakaa siku tano bila kazi. Na kwa kuwa bidoni ile ilikuwa ya internati, siku nne tulikula maharagi bila mafuta. Siku ya pili, mezani, mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza alisimama na sahani yake mbele yetu. Hakuwa na dharau. Aliuliza kwa adabu kabisa: «Kapita, trakta ilisha shiba?»

Meza yote ilicheka. Sisi hatukuweza kujibu. Tuliketi, tukala maharagi yale, na swali lile halikutoka kichwani mpaka leo.

Baada ya hapo tulirudi kwenye lile neno tulilolipita. Kubadilisha maana yake ni hivi. Mafuta ya mawese ni mazito kwa sababu kila kipande chake kidogo kabisa kina mikia mitatu iliyofungwa kwenye kichwa kimoja, na kichwa hicho kinaitwa gliserini. Ukitia alkoli na soda kostiki kidogo, katika moto usiofika kuchemsha maji, mikia inaachana na gliserini na kushikana na alkoli. Gliserini ni nzito, inashuka chini. Kinachobaki juu ni chepesi, na hicho njo mafuta ya injini. Litri 100 za mafuta zinaomba karibu litri 20 za metanoli.

Tulijaribu kwa litri moja tu, tuliyonunua kwa pesa yetu. Metanoli hatukuwa nayo, tukatia lutuku. Yote ikafungana. Mama mmoja anayepika sabuni karibu na soko alipoona, alicheka mpaka akaketi chini. «Mulifanya sabuni, bana yangu! Mafuta, soda na maji, hiyo njo sabuni.» Ni kweli: lutuku iko na maji mengi. Kumbe wamama wa sabuni wa Bunia wanajua nusu ya kemia hii tangu zamani, na sisi wenye vitabu hatukwenda kuwauliza.

Mara ya tatu mwalimu wetu alisimamia mwenyewe ndani ya laboratwari. Alimimina metanoli kwa mkono wake, maana ni sumu: ukiinywa inapofusha macho, na inaua. Mtu asijaribu kwao. Baada ya usiku mmoja tuliona katika chupa sakafu mbili, ya chini nyeusi na ya juu nyangavu. Kitambaa kilichochovywa katika ile ya juu kiliwaka vizuri. Ilikuwa chini ya nusu litri. Hatukuitia ndani ya trakta. Tulikuwa tumejifunza.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana swali la yule mtoto ni swali la hesabu. Trakta inaomba kama litri 20 mpaka 25 kwa kulima hektari moja. Hektari moja ya michikichi iliyotunzwa, tukihesabu kwa kiasi kidogo, inatoa tone moja ya mafuta kwa mwaka, ni kusema zaidi ya litri 1,000. Basi hektari moja ya michikichi ingeweza kulima kama hektari 40. Mbegu nzuri inazidisha: huko Yangambi, katika miaka ya 1940, wataalamu walionyesha jinsi ya kuzalisha mchikichi wa tenera, wenye nyama nyingi na kokwa jembamba, na leo dunia nzima inaupanda. Kwa hesabu hii basi trakta si mlafi. Hata ng'ombe wa kulima anakula katika shamba analolilima.

Lakini hesabu iko na upande wa pili. Metanoli ingetoka nje vilevile, kwa njia ile ile ya mazutu. Alkoli ya muhogo inawezekana, lakini ni lazima kutoa maji yote ndani yake, na muhogo nao ni chakula. Mchikichi haupendi baridi ya Bunia. Mawese yetu yanatoka chini, upande wa Mambasa na Beni. Tena mwenye kuuza mawese atauliza nani analipa zaidi, mama wa sombe au mwenye trakta. Siku mwenye trakta akishinda, sombe ya maskini itapikwa kwa maji matupu.

Tusiwaze kwamba hayo ni maneno tu. Kule Tanzania, wilaya ya Kisarawe, kampani ya Waingereza ilipewa zaidi ya hektari 8,000 za ardhi ya vijiji ili kupanda mibono, mti wa mafuta ya injini ambayo hayaliwi. Wengi waliona kuwa ni salama, kwa kuwa mbono haugusi sahani ya mtu. Lakini mwaka 2011 kazi ilisimama, wafanyakazi wakarudi kwao, na ardhi haikurudi mara moja kwa wenyeji. Kwa hiyo haitoshi mafuta yasiwe chakula. Ardhi yenyewe ni chakula.

Maoni yetu ni haya. Mafuta ya mimea katika trakta ni jambo jema, na siku moja wakulima wa Ituri watalifanya, hasa kule chini ambako michikichi iko. Lakini waanze kwa kupanda michikichi ya trakta peke yake, katika ardhi yao wenyewe, na wapatane mbele. Wasianze kama sisi, kwa kufungua depo ya watu wanaolala na njaa.

Deni letu tumelilipa. Jumamosi sita tulifyatua matofali, na bidoni ilirudi depo ikiwa imejaa. Ekonome alifuta sahihi yetu. Mahindi yalichelewa wiki mbili, lakini yaliota.

Na wewe mdogo wetu wa mwaka wa kwanza, unajijua. Siku ile hatukukujibu kwa sababu ya haya. Jibu ni hili: hapana, haikushiba, na ile haikuwa sahani yake. Utusamehe.

Sisi, kapita wenu, mwaka wa sita Biokemia.