Sani Imefika?

Kwetu Morogoro, Sani, jarida letu la katuni, haikuwa na siku. Ilifika ilipofika, ndiyo maana sisi watoto wa miaka ya 1980 tulipitia stendi kila tukitoka shule: "Shikamoo mzee. Sani imefika?" Mzee wa magazeti aliitikia salamu tu. Kama imefika, utaiona.

Meza yake ilikuwa na vitu vichache: Uhuru la chama, Mzalendo la Jumapili, Daily News la serikali, Mfanyakazi la jumuiya ya wafanyakazi, JUWATA. Baba alikuwa msomaji wa Uhuru, lakini alianzia kwa Chakubanga, katuni ya Christian Gregory. Halmashauri kuu ingesubiri.

Sani yenyewe, jina lililoungwa kutokana na majina ya waasisi wake, Saidi Bawji na Nico ya Mbajo, ilikuwa ya mtaa mzima. Aliyeinunua alitawala: ukimchezea rafu kwenye mpira, husomi. Ndani kulikuwa na Ndumilakuwili tapeli, Lodi Lofa na majivuno yake ya mfukoni patupu, Madenge mtundu, na Kipepe, aliyebuniwa na Philip Ndunguru. Mpaka ikufikie, jalada halipo.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, magazeti ya watu binafsi yalimiminika. Meza zikaongezeka, hadithi za Eric Shigongo zikawafanya watu wasubiri toleo lijalo, katuni ya Kingo ya James Gayo ikapata jarida lake. Wasomaji wa bure nao walijaa, mikono nyuma, shingo mbele, mpaka muuzaji afoke kwamba pale si maktaba.

Watu huilaumu simu. Mimi naanzia kwenye redio. Tangu watangazaji waanze kutusomea magazeti alfajiri, abiria anashuka kwenye daladala habari zote anazo. Asimame mezani kutafuta nini? Simu ilikuja kumalizia, kurasa za mbele zikatufikia kwa WhatsApp hata chai haijachemka.

Masoud Kipanya amevuka salama. Katuni yake ya siasa ni picha moja, kwenye kioo cha simu inaenea. Mpwa wangu anacheka, ananionyesha, anapitisha kidole. Ndumilakuwili hawezi hivyo. Yeye anahitaji kurasa: apange utapeli, ufanikiwe, ajisifu, ndipo aumbuke.

Na hata kurasa zenyewe hazikuwa za kuaminika. Kuna kisa cha Lodi Lofa ambacho mpaka leo sijui kiliishaje, kwa sababu ukurasa wa mwisho ulikuwa umeshafungiwa karanga.